Mtoto Aliyeokolewa Ziwani

Kisondela, Rungwe
9 Februari 2025

Mjukuu wangu Tusekile,

Mwagonile. Najua huko Njombe mmezoea kusalimiana kwa Kiingereza, lakini barua hii imetoka Rungwe. Iitikie kwanza, ndipo uendelee kusoma. Umeitika? Haya.

Sisi hatujambo. Mvua inanyesha tangu ulipoondoka, inanyesha kama ina kesi na sisi. Migomba mitatu imelala chini. Parachichi zinaendelea vizuri. Goti langu la kushoto limegoma, la kulia bado linashauriana. Mbwa amezaa watoto watano na hakuna hata mmoja anayefanana na mbwa ninayemfahamu.

Mama yako Atupele hajambo. Nasema hajambo kwa sababu nimemsikia akikohoa jikoni na kumfokea kuku. Kumwona sijamwona, na sababu unaijua: kwetu mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Ninyi mnaona ni mchezo, ila sisi wawili tumeushika mwiko huo miaka kumi na tisa, tangu alipoolewa na marehemu baba yako. Tukikaribiana njiani yeye anaingia migombani, mimi natazama mawingu kama bwana wa hali ya hewa. Jina langu hajawahi kulitamka. Akihitaji chumvi anamwambia mbuzi, "Mwenye nyumba ile angekuwa na chumvi." Na mimi namjibu mbuzi, "Ipo kwenye kopo." Mbuzi wetu amesikia mengi.

Umeandika kwamba mmeanzishiwa klabu ya filamu, na mwalimu wenu Prisca anawaonyesha filamu za vijana wanaotafuta nafasi yao maishani. Zamani zetu nafasi ya kijana ilikuwa moja, nyuma ya jembe. Lakini usinidharau. Ni nani aliyewafundisha watu wa Tukuyu kutazama filamu? Miaka tisa nilishika kipaza sauti kwenye banda la video la Hashimu. Wazungu, Wachina, Wahindi, wote niliwasemesha Kiswahili. Kiingereza nilikiacha darasa la nne nacho kikaniacha palepale. Nilitazama macho ya mtu, nikatazama mikono yake, nikajaza maneno. Hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio.

Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi. Simu siitaki. Inamuuliza mtu swali kabla hajapata muda wa kutafuta jibu.

Babu yako,
Ambindwile

*

Njombe
2 Machi 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimeitikia mwagonile yako kwa sauti, mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza naongea na nani. Huku baridi inauma hadi kwenye kucha. Mwambie mama, kupitia kwa mbuzi, kwamba sweta limefika na linanitosha. Hesabu zinanisumbua, Historia naipenda.

Babu, nina habari. Mwalimu Prisca alituambia kila mtu aandike hadithi ya kijana aliyeipata nafasi yake. Akatukataza wanamuziki na wachezaji mpira. Alisema, "Mwandike mtu ambaye ungemjua kwa namna anavyokohoa." Tuliandika ishirini na sita. Imechaguliwa moja tu kufanywa filamu, nayo ni yangu. Nimeandika habari za baba.

Nimeandika kama ulivyonisimulia tangu nikiwa mdogo. Julai 2006, baba ana miaka ishirini. Anapita kando ya lile ziwa la shimoni, chini ya mashamba ya chai, anasikia mtoto analia majini. Anaingia, anamsukuma mtoto hadi kwenye mizizi, mtoto anashika. Yeye anazama. Mimi bado niko tumboni kwa mama. Mwalimu Prisca alipomaliza kuisoma alivua miwani.

Nina maombi mawili. La kwanza, nitajie jina la yule mtoto. Sasa atakuwa mtu mzima wa miaka ishirini na tano hivi. Nashangaa sijawahi kukuuliza. Nataka mwisho wa filamu asimame pale ukingoni, bila kusema kitu, tumwone tu kwamba yupo.

La pili, nitunzie shati la baba lile la mistari. Atakayemwigiza baba ni mimi. Tutapiga filamu likizo ya Juni, ziwani kwenyewe, na nitaingia majini. Unanijua Babu, hata kijito cha pale chini nilikuwa sivuki bila kushikwa mkono. Ninaogopa maji kuliko mitihani. Ndiyo maana nataka mimi niingie, asiingie mwingine. Yeye aliingia.

Mjukuu wako,
Tusekile

*

Kisondela
30 Machi 2025

Bibi yangu mdogo Tusekile,

Mwagonile tena. Barua yako niliipata siku nyingi kidogo. Kalamu iliisha wino. Nilipopata kalamu, miwani ikakaliwa. Nilipotengeneza miwani, nikawa nimesahau ulichouliza, ikabidi nisome upya.

Hapa hatujambo. Mchungaji amehubiri saa mbili juu ya subira, watu wakaisha mmoja mmoja. Mbwa wale watano wamegawiwa, mmoja kaenda Lufingo, analelewa kama mtoto wa mkuu wa wilaya. Mama yako amepalilia kahawa peke yake na hataki msaada. Nimemwona kwa mbali. Nimeona mgongo.

Shati la mistari limeliwa na panya. Tena siyo panya mmoja.

Hongera kwa hadithi yako kuchaguliwa. Sisi watu wa ukoo huu maneno hayajawahi kutupungukia. Lakini sikia. Ziwa lile siyo la kuchezea. Halina mteremko kama mto. Hatua ya kwanza maji yako magotini, hatua ya pili hakuna chini. Wazee husema lina mwenyewe. Huyo mwenyewe wa ziwa mimi simwogopi, nikikutana naye tutaelewana. Ninaogopa ile hatua ya pili. Kwa nini msipige filamu yenu kwenye bwawa la samaki la mchungaji? Maji yanafika kiunoni. Nitasimama nyuma nitikise migomba, iwe tufani. Nitalia kama mtoto pia, kazi hiyo naiweza.

Huyo mtoto uliyeuliza, nadhani aliitwa Meshaki. Wazazi wake hawakuwa wa hapa. Walihamia Chunya, au Sumbawanga. Au mmoja huku, mwingine kule. Nakushauri usimtafute. Huenda hapendi kukumbushwa.

Kula ushibe. Usisome ukiwa na njaa, maneno yanapita pembeni.

Babu yako,
Ambindwile

*

Njombe
20 Aprili 2025

Babu,

Shikamoo. Leo ni Pasaka. Tumekula wali na nyama, vipande viwili kila mtu. Natumaini nyumbani mmechinja. Msalimie mama sana.

Wiki iliyopita klabu tulionyeshwa filamu ya nchi ya baridi. Kuna kijiji, kuna ziwa, na kila mwaka vijana hulivuka kwa miguu kuonyesha kwamba wamekuwa wanaume. Nilipoona tu lile ziwa nikawaambia wenzangu, hii naijua, Babu yangu alikuwa akinisimulia jikoni ndizi zikiiva. Nikawasimulia mpaka mwisho. Kijana mwoga kuliko wote anasimama ukingoni, baba yake anamwambia, "Aliyemaliza woga, maji humbeba." Anatembea juu ya maji, watu wanashangaa, anatokea ng'ambo.

Babu, siyo maji. Ni barafu. Kule ziwa zima huganda likawa gumu kama sakafu, kila mtu hutembea juu yake. Hakuna baba anayesema maneno yale. Na kijana hatokei ng'ambo. Barafu inapasuka katikati, anazama. Yule anayeonekana mwisho ni mdogo wake, anamkumbuka.

Wenzangu walinicheka. Mimi nililia, lakini siyo kwa ajili ya yule kijana. Nilikuwa najiuliza Babu amebadilisha miisho mingapi.

Kuna lingine. Mwalimu Prisca alimpigia simu Yohane wa bodaboda, kwa kuwa uliwahi kuniambia alikuwepo siku baba alipofariki. Akamuuliza habari za Meshaki. Yohane akasema mtoto alikuwa wa kike. Mwalimu akamwambia Meshaki siyo jina la kike. Yohane akasema mtandao unasumbua.

Mtoto ni nani, Babu?

Tusekile

*

Kisondela
4 Mei 2025

Tusekile,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, mbuzi hajambo, mimi nipo.

Filamu nakiri. Barafu niliyoijua ni ile ya kwenye ndoo ya soda. Ningejuaje kwamba ziwa zima linaweza kuwa sakafu? Mimi niliona watu wanatembea juu ya maji, nikasema hawa wana imani kumshinda mchungaji wetu. Baba wa yule kijana alikuwa amefungua mdomo, lazima kuna anachosema, na mimi ndiye mwenye kipaza sauti. Nikamsemea, "Aliyemaliza woga, maji humbeba." Banda zima likasimama. Kesho yake nikayakuta maneno yangu yameandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa soko.

Mwisho niliuelewa. Mtu akizama hahitaji mkalimani. Lakini mbele yangu, kwenye mabenchi, walikuwepo vijana karibu thelathini wamekodoa macho. Nikaona siwezi kuwarudisha makwao na maiti. Ilipokuja ile picha ya mwisho nikasema, huyoo, ametokea ng'ambo. Wakapiga makofi. Hashimu akaniambia, "Ambindwile, filamu hii umeipika wewe, wao wameleta kuni tu." Aliirudia kila Jumapili mwaka mzima.

Yohane msamehe. Kichwa chake kimetikiswa na pikipiki.

Mengine usiniulize. Nakukataza kuingia kwenye maji yale. Unanijua nikitania na unanijua nisipotania. Juzi nilikuota umesimama pale ukingoni, umenipa kisogo, nikakuita, sauti haitoki. Nimeamka nimeshika ukuta.

Babu

*

Njombe
18 Mei 2025

Shikamoo Babu.

Umenijibu ya filamu ya Wazungu. Ya baba hukujibu.

Shule inafungwa tarehe 30. Siji nyumbani moja kwa moja. Tutakaa kwa Mwalimu Prisca wiki mbili tukijifunza kamera, halafu Jumamosi tarehe 14 Juni asubuhi tutafikia ziwani. Kutakuwa na kamba. Mwalimu amesema nikiogopa naweza kuacha, nami nimemwambia sitaacha.

Nimefikiri sana. Maisha yangu yote nimekuwa mtoto wa yule aliyeingia majini. Nikikosa hesabu, nikidharauliwa, nikilala na hofu, najiambia damu ya mtu yule ninayo. Kama kuna kitu cha kuniambia, kiandike. Ninaogopa usichokiandika kuliko maji.

Msalimie mama.

Tusekile

*

Kisondela
1 Juni 2025

Tusekile,

Leo sina salamu.

Hakuna mtoto. Hakuna Meshaki. Baba yako hakumwokoa mtu yeyote.

Waliingia vijana watatu, baba yako Jairo, Yohane na mwingine aliyekwishahama. Walikuwa wanashindana nani atavuka hadi ng'ambo. Yohane anasema waliingia wakiimba yale maneno yangu ya bandani. Wawili walikata tamaa wakarudi. Baba yako hakurudi. Walimpata siku ya pili.

Msibani waliniambia nizungumze kama mzazi. Nilisimama. Niliona vijana wote wale wa mabenchini wamekaa chini kwenye majani, wananitazama, wanangoja niseme. Na mama yako alikuwa kule pembeni na wanawake, amejifunika khanga kichwani. Miaka kumi na minane, tumbo bado halijaonekana. Mdomo wangu ukafanya kazi uliyoizoea. Nikasema kulikuwa na mtoto analia majini. Watu walilia vizuri. Hakuna aliyeuliza ni mtoto wa nani. Mpaka leo hakuna aliyeuliza, ila wewe.

Usiingie. Hakuna wa kumwokoa mle ndani.

Ambindwile

*

Kisondela
29 Juni 2025

Tusekile,

Uliondoka bila kuniaga na sikulaumu. Ndani ya bahasha hii, ninayompa mama yako akuletee, utakuta barua nyingine, ya tarehe mosi. Ilipaswa kukufikia kabla ya yote. Niliituma shuleni. Sikufikiri kwamba shule imefungwa, nilifikiri barua tu. Mlinzi aliikataa, kondakta akaiweka juu ya dashibodi, ikasafiri kwenda na kurudi mara sita. Siku zote hizo mimi nalala najua umeshaisoma. Jumatano tarehe 11 akanirudishia imefungwa vilevile, akaniambia, "Mzee, mali yako hii."

Nilikwenda kwa Yohane tumpigie mwalimu. Simu haipatikani. Alhamisi haipatikani. Ijumaa haipatikani.

Jumamosi ulikuwepo, lakini niache niandike nilivyoona mimi, maana hukutaka kunisikiliza na ulikuwa na haki.

Yohane alinipakia kabla jua halijatoka. Ukungu ulikuwa umejaa mle shimoni, ziwa halionekani, nasikia sauti zenu tu. Nikateremka kwa makalio, goti halitaki. Nilipofika chini ulikuwa umekwishaingia, umevaa shati jeupe, maji yako magotini. Ile ni hatua ya kwanza. Nikapiga kelele, "Toka, hakuna mtoto." Rafiki zako wakacheka. Ukageuka ukasema, "Babu, acha utani, tunarekodi." Nikasema tena, hakuna mtoto, nilitunga. Mwalimu wako akaniamkia kwa adabu akaniomba nikae nyuma ya kamera.

Hapo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Miaka sabini na mbili nimewachekesha watu, na siku nilipolihitaji neno moja la kweli, nilikuta nimeshayatumia yote kwenye utani. Yohane alikuwa pembeni yangu ameishika helmeti yake, anahesabu mikwaruzo. Nikavua kofia nikaingia majini. Kuogelea sijui. Nilitaka tu nikushike shati.

Na wewe ulikuwa unarudi nyuma, unaniambia, "Babu utaanguka." Unarudi kinyumenyume, kuelekea ile hatua ya pili.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yetu. Sikugeuka, nilijua ni nani. Alikuwa ametufuata kwa miguu, amepita njia ya chai. Mama yako alisema, "Ambindwile anasema kweli."

Miaka kumi na tisa hajawahi kulitamka jina hilo. Wewe umelelewa kwetu, ulijua maana yake kuliko wenzako. Niliona uso wako ukibadilika. Ulisimama. Akasema tena, taratibu, "Tusekile, toka. Nilijua tangu siku ile. Hapakuwa na mtoto. Toka, mwanangu." Ukatoka, ukatupita sote wawili kama vile sisi ni migomba, ukapanda juu.

Mama yako alibaki ukingoni. Mimi nilikuwa majini, miguu imekufa ganzi, namtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa. Amezeeka kidogo. Alininyooshea mkono akanivuta, na hatukumtafuta mbuzi. Alisema, "Ulidhani ulinisaidia." Nikasema, "Nilidhani." Akasema, "Kila mwaka nilimsikiliza mwanangu akiisimulia, nikishindwa niseme nini, maana mwenye hadithi simkabili." Kisha akakufuata.

Nimemaliza. Sikuombi kitu.

Ambindwile

*

Njombe
20 Julai 2025

Babu,

Shikamoo.

Nimerudi shuleni, niko kidato cha sita sasa. Nilikaa kwa shangazi wa Mwalimu Prisca likizo iliyobaki. Mama alikuja mara mbili. Tuliongea mengi, mengine hakuyajua, akasema niulize kwako.

Filamu hatukuimaliza. Mwalimu ameniambia naweza kuiandika upya au kuiacha. Bado sijui. Nina picha moja tu, mimi nimesimama kwenye ukungu, maji magotini. Nikiitazama miguu inapoa.

Nimekuwa nikiogopa kitu ambacho siwezi kumwambia mtu. Zamani nilikuwa na baba aliyekufa kwa ajili ya mtoto wa mtu. Sasa nina baba aliyekufa kwa mchezo, na mimi nikiwa tumboni. Usiku wa kwanza nilikuchukia. Usiku wa pili nilimchukia yeye.

Sitaki hadithi. Nijibu haya. Alijua kuogelea? Sauti yake ilikuwaje? Alipenda nini? Alijua kwamba mimi nipo? Kama alijua, alinitaka?

Usiongeze. Mahali usipojua, andika hujui.

Tusekile

*

Kisondela
17 Agosti 2025

Tusekile,

Ugonile, mjukuu wangu. Huku ni kiangazi, baridi ya asubuhi imekaza, watu wanavuna maharage. Mama yako yuko hapa sebuleni wakati naandika. Ameketi upande wa pili wa meza, amenigeuzia bega, siyo mgongo. Tumefika hapo. Nimemsomea maswali yako. Nikikosea atasema.

Karatasi hii nimekaa nayo siku tisa.

Alijua kuogelea kidogo. Mtoni, siyo ziwani.

Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko yangu, na ilikatika akicheka. Mama yako anasema haikuwa nyembamba. Basi ya katikati.

Alipenda kufungua redio zilizokufa. Alipenda mbalaga, zile ndizi za kupikwa na maharage mabichi, alikula mpaka akakomba mchuzi wa mwisho. Zaidi ya hapo sijui. Nilikuwa mjini kila siku nikiwasemea vijana wa Wazungu. Wa kwangu alirudi nyumbani nikiwa sijarudi, alilala nikiwa sijafika.

Kama alijua kwamba upo. Alijua.

Ijumaa ile jioni, kesho yake ndiyo ziwa, alinikuta nimetoka bandani mapema, koo limenikauka. Alivua viatu mlangoni, akaja akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Baba, Atupele ana mtoto." Nikasema hongera. Akasema, "Naogopa. Mtu anaanzaje kuwa baba?"

Swali lile lilikuwa langu mimi, Tusekile, halikuwa la Mzungu yeyote. Jibu nilikuwa nalo. Ningemwambia kwamba siku aliyozaliwa yeye nilijificha kwenye chai mpaka giza likaingia, wakanitafuta. Ningemwambia nilimshika kwa mara ya kwanza akiwa na wiki mbili, kwa kuwa nilidhani nitamvunja. Sikusema. Nilifanya ile sauti ya bandani na nikamrushia maneno yale ya maji humbeba, anayajua, banda zima linayajua. Alicheka kwa adabu. Akasema, "Sawa, Baba." Akainuka akatoka pekupeku. Nikamwita, "We Jairo, viatu." Akasema atavipitia kesho akitoka huko waendako.

Kama aliingia majini kwa ajili ya jibu langu, sijui. Yohane anasema mashindano yalipangwa tangu Jumatano. Sijui kama Yohane ananihurumia.

Kama aliogopa alipofika katikati, sijui.

Kama alikutaka. Hakuniambia. Mtu asiyetaka mtoto haulizi anaanzaje kuwa baba. Lakini hilo nimelisema mimi, sikulisikia kwake. Ukitaka lifute. Sasa mama yako ameniambia, "Liache."

Viatu vyake ninavyo. Ni vya ngozi nyeusi, kimoja kimekatika kamba. Havijavaliwa tangu siku ile. Njoo Desemba uvione. Nitakupa, nitatoka nje, na sitasema kitu.

Babu yako,
Ambindwile